Kumkumbuka daktari aliyekuwa mwalimu: namna ya kuandaa siku ya meza za mazoezi

Bamba la shaba ukutani halimfundishi mtu kushika ambubagi, ule mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua. Daktari aliyezungukia wodi na kundi la wanafunzi nyuma yake, kisha siku zake za mapumziko akapanda gari kwenda kufundisha bila malipo kwenye zahanati ya mbali, anastahili kumbukumbu inayofanana na kazi yake. Watu wakae mezani, wafanye kwa mikono kile alichokifundisha, na wiki ijayo waendelee.

Mwongozo huu ni wa wenzake wa kazi, wanafunzi wake na familia, katika hospitali kama Kitete, Nkinga au Ndala, au hata kituo cha afya chenye chumba kimoja cha mikutano. Umeandikwa kwa kufikiria Tabora, ila Kigoma nako mambo hayatofautiani sana.

Familia kwanza, tarehe baadaye

Msipange chochote kabla ya kwenda kukaa na familia. Nendeni watu wawili au watatu, mmoja awe mtu mzima anayeheshimika nyumbani hapo, na muulize mambo manne: kama wanaridhia, nani atakuwa msemaji wao, picha gani itumike, na lipi wasingependa lisemwe. Jibu la swali la mwisho liandikeni palepale. Ndilo husahaulika siku yenyewe, mtu anaposhika kipaza sauti.

Msiigeuze arobaini kuwa semina. Hitima au misa ya kumbukumbu ina watu wake na utaratibu wake, nayo siku ya mafunzo ina wake. Kama marehemu alikuwa Mwislamu na mnataka mjane wake awepo, hesabuni eda, miezi minne na siku kumi, kisha ndipo mtafute tarehe. Zaidi ya hapo, angalieni mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili barabara za kutoka vijijini husumbua, na wodi hujaa wagonjwa wa malaria. Juni hadi Agosti ndio wakati mzuri. Ijumaa iacheni kwa sababu ya swala. Jumamosi huwafaa wengi, lakini kama alifanya kazi na Wasabato, na Kigoma hilo ni jambo la kawaida, chagueni siku ya katikati ya juma.

Kukusanya alichokifundisha

Kazi hii ianze wiki sita kabla. Mkiwauliza wanafunzi wake "alikuwa mtu wa namna gani?" wote watajibu mpole, mcheshi, mchapakazi. Maneno hayo yanaweza kusomwa kwenye msiba wowote. Ulizeni hivi: ukikosea alikuambia nini? Akiingia wodini alianza kukagua kitu gani? Kipi alikufundisha ambacho hadi leo unakifanya vilevile? Waombeni wajibu kwa sauti kwenye WhatsApp, dakika mbili zinatosha, nanyi mwandike majibu kwenye daftari moja. Neno la marehemu likitajwa na watu watatu ambao hawakufanya kazi pamoja, hilo liandikeni kwa herufi kubwa na libandikwe ukutani. Likitajwa na mmoja tu, liachwe kwenye daftari.

Msiishie kwa madaktari. Dereva wa gari la wagonjwa, mhudumu wa wodi, mtu wa maabara na mkunga wa zahanati aliyokuwa akiitembelea wana habari ambazo daktari mwenzake hana.

Kuhusu karatasi zake, madaftari ya kufundishia huwa kwenye boksi chini ya kitanda au juu ya kabati, na Tabora mchwa hawasubiri. Yaondoeni sakafuni siku hiyohiyo mtakayoonyeshwa. Pigeni picha kila ukurasa kwa simu, karibu na dirisha lakini si juani, bila mwanga wa simu, na mwandike namba ya ukurasa kwa penseli pembeni. Daftari lenyewe lirudi kwa familia. Kabla ya kuonyesha ukurasa wowote, tafuteni majina ya wagonjwa. Filamu za eksirei huwa na jina na namba ya mgonjwa kwenye kona, nayo huonekana vizuri kabisa filamu ikiwekwa mbele ya taa. Hapo bandikeni plasta nyeusi. Siri ya mgonjwa haifi na daktari wake, na tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kuna jambo moja linalohitaji ujasiri. Si kila alichokifundisha mwaka 1995 ni sahihi leo. Wakati huo klorokwini ndiyo ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria. Nchi iliiacha mwaka 2001 ikaingia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa ya mseto. Kumfyonza kila mtoto mchanga mdomoni na puani kulikuwa kawaida, siku hizi hufyonzwa yule tu ambaye njia yake ya hewa imeziba. Msiyafiche madaftari ya zamani, wala msiyabandike hivihivi kijana wa mwaka wa pili akadhani ndiyo maelekezo. Wekeni ukurasa wake kushoto na mwongozo wa sasa kulia, kila mmoja na mwaka wake juu. Mwalimu mzuri wa tiba hubadilika ushahidi ukibadilika, na kumwonyesha hivyo ni kumtendea haki.

Wasifu

Maneno 500 yanatosha. Yakisomwa kwa utulivu huchukua dakika tano hivi, na baada ya hapo watu huanza kuangalia simu. Makosa huwa kwenye majina ya vyuo na mikoa. Aliyesomea udaktari Muhimbili mwaka 1985 hakusoma MUHAS. Wakati huo kilikuwa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1991 kikawa chuo kikuu kishiriki, MUCHS, na jina la MUHAS likaja 2007. Aliyefanya kazi Mpanda miaka ya tisini alikuwa Mkoa wa Rukwa, kwani Katavi ilianzishwa 2012. Kaliua nayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Urambo. Andikeni jina la wakati ule, kisha mwongeze "sasa Kaliua", ili mjukuu wake akitafuta kumbukumbu za zamani asipotee.

Cheo nacho kiandikwe sawasawa. Tabibu, Daktari Msaidizi, Daktari na Daktari Bingwa si kitu kimoja, na wapo waliojengwa na kila hatua kati ya hizo. Kama alianzia utabibu akapanda, semeni. Wanafunzi wa vyuo vya afya watakaokuwa wamekaa nyuma wanahitaji kulisikia hilo kuliko orodha ya tuzo.

Kama mnataka mfano wa kale wa upande huu wa nchi, yupo Adrien Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa uganga Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akatibu watu hapo na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Naye Profesa Hubert Kairuki, aliyefariki mwaka 1999, jina lake limebaki kwenye chuo kikuu cha tiba alichokianzisha Dar es Salaam. Mmoja na mwenzake wanakumbukwa kwa kazi iliyoendelea.

Meza nne

Chukueni watu 24, si zaidi. Wagaweni makundi manne ya watu sita, kila meza na mwelekezaji wake. Mwelekezaji mmoja akipewa watu kumi, wanne watashika vifaa na sita watatazama, na anayetazama haondoki na ujuzi. Kila kundi likae mezani dakika 40, kisha dakika kumi za kuhama. Mkianza saa 3:00 asubuhi mtamaliza saa 6:10 mchana, kabla ya adhuhuri na kabla ya joto kuwachosha watu. Waliotoka zamu ya usiku msiwahesabu. Watakuja kwa heshima ya marehemu, lakini mikono yao itakuwa imechoka.

Meza ya kwanza ni ya mtoto asiyepumua. Mnahitaji midoli mitatu ya mazoezi, ambubagi tatu za watoto wachanga zenye barakoa namba 0 na namba 1, vitenge sita vikavu, kofia, na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Mdoli wa aina ya NeoNatalie hujazwa maji ya uvuguvugu lita 2, ukawa na uzito wa kilo mbili hivi na shingo inayolegea kama ya mtoto. Wapo wanaoujaza hewa ili kukwepa usumbufu wa maji. Wakifanya hivyo, watu huunyanyua kama mpira na hawajifunzi kuishika shingo. Jioni umwageni maji yote, muuninginize wazi hadi ukauke ndani, la sivyo utaota ukungu.

Kabla ya wageni kufika, kagueni kila ambubagi. Bana barakoa kwenye kiganja, minya. Unapaswa kusikia vali ya usalama ikiachia hewa, huku kiganja kikihisi msukumo. Kama mfuko unaminyika kirahisi bila msukumo wowote, mara nyingi vali ndogo laini ya ndani imerudishwa kichwa chini au ilibaki kwenye beseni la kuoshea. Kosa hili ni la kawaida kabisa baada ya usafi, na likigunduliwa mtoto akiwa mezani muda umekwisha. Kwa hiyo zoezi la kwanza liwe hilo: kila mtu aifungue ambubagi vipande vyote, aioshe kwa mdomo, yaani ataje kila kipande anachopaswa kukiosha, kisha airudishe na kuijaribu.

Baadaye ndipo waingie kwenye Dakika ya Dhahabu, ile dakika ya kwanza baada ya mtoto kutoka. Mwelekezaji anasema "mtoto ametoka, halii," na saa inaanza. Mfute mtoto mwili mzima kwa nguvu ya kadiri, ondoa kitenge kilicholowa, mfunike kikavu, mvike kofia. Msugue mgongo mara mbili tatu. Hapumui? Kata kitovu, mpeleke mezani, weka kichwa kikiwa kimeinuka kidogo kana kwamba ananusa, barakoa ifunike kidevu, mdomo na pua bila kugusa macho, na pumzi ya kwanza iingie kabla dakika moja haijaisha. Kasi ni pumzi 40 kwa dakika. Kuhesabu "moja, mbili, tatu", ukiminya kwenye moja na kuachia kwenye mbili na tatu, husaidia mkono usikimbie.

Kitakachoharibika ni kifua kutokuinuka. Watu wengi wakiona hivyo huminya kwa nguvu zaidi mara moja. Wafundisheni wafuate utaratibu: rudisha barakoa vizuri, weka kichwa upya, angalia kama mdomoni kuna uchafu, fungua mdomo kidogo, na nguvu ya kuminya iwe ya mwisho. Simama pembeni ya mwanafunzi, usimguse mkono, mwachie akose mara moja. Mwelekezaji anayenyang'anya ambubagi amefanya zoezi lake mwenyewe. Wakumbusheni pia kwamba mtoto aliyezaliwa baada ya kutimiza miezi ya mimba anaweza kuanza kusaidiwa kwa hewa ya kawaida ya chumbani. Kusubiri mtungi wa oksijeni ni kupoteza dakika ile.

Vifaa vya mazoezi viandikwe "MAZOEZI" kwa wino usiofutika, kwenye mfuko na kwenye barakoa. Visirudi leba kamwe. Barakoa iliyopita mikono 24 haifai kuwekwa usoni kwa mtoto, na mtu mwenye haraka hasomi lebo iliyobanduka nusu.

Meza ya pili ni ya damu baada ya kujifungua. Hapa tunakwenda sokoni. Nunueni gramu 150 za rozela kavu, chemsheni kwenye lita 3 za maji kwa dakika kumi, chujeni. Rozela ni nyepesi kuliko damu na husambaa mno kwenye kitambaa, kwa hiyo korogeeni unga wa muhogo, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita, maji yakiwa bado ya moto, kisha yaacheni yapoe. Pimeni kwa jagi lenye alama: mililita 250 mwageni kwenye khanga moja, 500 kwenye khanga nyingine, 1000 kwenye godoro la plastiki lenye khanga juu yake, na 500 nyingine kwenye ndoo. Msiandike vipimo. Kila mtu aandike makadirio yake kwenye karatasi bila kuulizana, kisha jibu lifunuliwe.

Wengi watakadiria chini, hasa kwenye godoro. Hilo ni jambo linalojulikana katika uzazi, na hupoteza wanawake, kwa kuwa mililita 500 ndiyo alama ya kwamba damu imezidi baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Waonyesheni mfuko wenye vipimo unaowekwa chini ya mama. Utafiti uliotolewa mwaka 2023, uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kwamba kupima damu kwa mfuko huo na kutoa tiba zote kwa mkupuo kulipunguza madhara makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Khanga zioshwe siku hiyohiyo. Rozela ikikauka haitoki.

Meza ya tatu ni ya kupima presha, nayo inaonekana rahisi hadi watu wapimane. Anayepimwa akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono mezani usawa wa moyo, asiongee. Pampu kwanza ukiwa umeshika mapigo ya kifundo cha mkono, yakipotea ongeza 30, kisha shusha taratibu, milimita 2 kwa sekunde. Wekeni mkanda mdogo na mkubwa, mpimeni mtu mmoja mwenye mkono mnene kwa yote miwili. Mdogo utampa ugonjwa asionao. Kama mnataka kupima na wananchi waliokuja, sharti kuwe na chumba, daktari na utaratibu wa nani atampokea mwenye 180 kwa 110 mchana huohuo. Kumpima mtu na kumwacha aende na namba mkononi si huduma ya kujitolea.

Meza ya nne ni ya marehemu. Hapo kuna madaftari yake, sauti za wanafunzi kwenye simu yenye spika ndogo, na kalamu. Kundi lisikilize dakika 15, kisha kila mtu aandike kitu kimoja alichofundishwa naye au na mwanafunzi wake, na jina la aliyemfundisha. Mwisho wa siku mtakuwa na mti wa walimu, nani alimfundisha nani, unaoweza kuchorwa kwenye karatasi moja ya manila. Mpeni familia.

Ruhusa, chai na posho

Barua iende kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali. Kama mnaalika watumishi wa vituo vingine, nakala iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa, wiki nne kabla, ili ratiba za zamu zipangwe bila leba kubaki na mtu mmoja. Andikeni waziwazi kwamba kutakuwa na chai na nauli ya wanaotoka nje ya mji, na hakuna posho. Jambo hilo likiachwa gizani, siku yenyewe hugeuka mjadala, na mjadala huo huiumiza familia iliyokaa mbele.

Umeme ukikatika meza hizi zote zinaendelea, ndiyo sababu hakuna hata moja inayotegemea projekta. Chumba kiwe na madirisha tu.

Mkitaka kuongeza uchangiaji damu, Tabora kuna kituo cha kanda ya magharibi cha Damu Salama. Waombeni mapema, wao ndio wenye vitanda, mifuko na vipimo. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, mwanaume baada ya kila miezi mitatu, mwanamke minne. Awe amekula na kunywa maji. Ikiangukia Ramadhani, ahirisheni sehemu hiyo.

Jumanne inayofuata

Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilitoa somo ambalo kila kamati ya kumbukumbu ilijue. Mafunzo ya siku moja yaliwafanya watumishi wamudu vizuri zaidi mdoli, lakini wodini mambo hayakubadilika. Walipoanza mazoezi mafupi palepale kazini, dakika tatu hadi tano kila wiki na dakika 40 kila mwezi, vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 vilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Baadaye mazoezi ya namna hiyo yalienezwa kwenye vituo 30 vya mikoa mitano, Tabora ukiwemo.

Kwa hiyo siku ya kumbukumbu ihesabiwe kuwa siku ya kwanza. Kabla watu hawajatawanyika, chagueni mkunga mmoja na msaidizi wake, pangeni siku, tuseme Jumanne baada ya kukabidhiana zamu, na mfungue daftari lenye safu nne: tarehe, jina, sekunde hadi pumzi ya kwanza, kosa lililoonekana. Jina la daktari liandikwe kwenye jalada la daftari hilo. Mdoli mmoja, ambubagi moja ya mazoezi na saa vikae kwenye kabati ndani ya leba yenyewe. Vikifungiwa ofisini kwa metroni, usiku na Jumapili havitapatikana, na baada ya mwezi daftari litakuwa na kurasa mbili. Ufunguo utundikwe kwenye msumari pembeni ya kabati, mahali anapoufikia hata aliyeanza kazi jana.